Kabla Damu Haijafika Kwenye Mashine: Mambo ya Kuangalia Tunapopimwa Sukari

Leo tunaweka pembeni mishono na mapishi, tuzungumze kidogo juu ya damu, na khasa lile tone dogo linalopimwa sukari.

Nyumba nyingi za kwetu zina mtu wa sukari. Kama si mama ni shangazi, kama si shangazi ni baba watoto. Akirudi hospitali, mlangoni anapokewa na swali moja: "Imesoma ngapi?" Akisema saba tunashukuru, akisema kumi na tano tunashika kichwa. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza: "Imepimwaje?" Na swali hili la pili lina uzito sawa na la kwanza, kwa sababu namba ikitoka kwa njia isiyo sawa, dawa nayo itatolewa kwa njia isiyo sawa.

Sisi ni mafundi wa kushona. Tulimaliza sekondari, tukaingia kozi ya ushoni, na sasa tuna duka letu la vyerehani vitano. Hatukusomea udaktari na hatujifanyi. Lakini mama yetu anaishi na sukari mwaka wa 12 huu, na miongoni mwa wateja wetu wamo watu wa maabara tunaowashonea makoti yao meupe. Kumsindikiza mama na kuwauliza wateja hawa ndiko kulikotufunza haya tunayoyaandika.

Kwa fundi, jambo lenyewe si geni. Mteja akipimwa juu ya baibui zito, kifua kikaandikwa inchi 42 badala ya 39, basi hata ukimpa fundi bora wa mji na cherehani mpya, gauni litampwaya. Mshono umenyooka, pindo limekaa vizuri, zipu haina kasoro. Kosa limeingia kwenye tepu, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Na damu ni hivyo hivyo. Mashine inaweza kuwa nzima na mtaalamu akawa hodari, lakini ikiletewa damu iliyokwishaharibika njiani, itasoma kwa ufasaha kitu kisichokuwa sahihi.

Wataalamu wawili wa Italia, Mario Plebani na Paolo Carraro, walifuatilia makosa ya maabara ya dharura katika hospitali ya Padova, wakatoa matokeo yao mwaka 1997. Katika vipimo 40,490 vya kila aina walikuta makosa 189. Hayo si mengi. Lakini kati ya hayo, asilimia 68.2 yalitokea kabla damu haijapimwa: namna ilivyoagizwa, ilivyotolewa, ilivyoandikwa jina na ilivyosafirishwa. Ya upimaji wenyewe yalikuwa asilimia 13.3 tu. Walirudia kazi hiyo, na mwaka 2007 wakaeleza kuwa yaliyotangulia upimaji bado yalikuwa asilimia 61.9. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza makosa iko nje ya mlango wa maabara, na sehemu ya kazi hiyo iko mikononi mwetu, sisi tunaopimwa na tunaosindikiza.

Haya, tuanze nyumbani.

Kufunga kwa kipimo si kufunga kwa saumu

Daktari akisema "uje asubuhi hujala", anataka usiwe umekula kitu kwa saa 8 kwa uchache. Maji matupu yanaruhusiwa. Wapo kina mama wanaolala bila hata tone la maji wakidhani ni kama saumu, asubuhi wanafika midomo imekauka na mishipa imejificha, wanachomwa mara tatu damu haitoki. Kunywa maji, dada.

Upande wa pili wapo wanaosema, "Sijala kitu, nimekunywa chai ya rangi tu." Chai ile ina sukari vijiko viwili! Hata ikiwa haina sukari ila ina maziwa, huko si kufunga tena. Na tofauti ina maana kubwa, kwa sababu mipaka imewekwa kwa kuangalia hali ya mtu. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 au zaidi, hiyo ni dalili ya kisukari. Lakini 7.0 hiyo hiyo saa moja baada ya mkate wa kumimina haimtishi mtu. Ukiingia na chai tumboni huku karatasi imeandikwa "amefunga", umempa daktari kipimo cha mtu mwengine.

Kuna na kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, ambacho wajawazito wengi wanakijua. Hiki kina masharti yake. Siku tatu kabla, ule chakula chako cha kawaida, wali na ndizi zako, usijinyime ili majibu yapendeze. Na baada ya kunywa, ukae kitini hadi saa mbili zitimie. Tunawajua wanaotumia saa mbili hizo kuchepuka Darajani wakanunue samaki. Kutembea kunashusha sukari, na wewe umekuja kutafuta ukweli wake.

Dawa unazotumia nazo zitaje zote. Dawa za pumu za kumeza za jamii ya predinisoloni, kwa mfano, hupandisha sukari. Usiziache kwa uamuzi wako, na usizifiche.

Kidole chako kimeshika nini?

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha jaribio dogo lililotufanya tutazamane. Walichukua watu wasio na kisukari, wakawamenyesha matunda: machungwa, zabibu na kiwi. Kisha wakawachoma kidole na kuwapima. Ambao hawakunawa, mashine ilisoma sukari juu sana, kama wagonjwa. Wakajaribu kuwafuta kidole kwa spiriti, hata mara tano, na bado namba ikawa si ya kweli. Walionawa kwa maji ya bomba, namba zao zikarudi mahali pake.

Sasa hebu tazameni wodi zetu saa ya wageni. Huyu kaleta embe, yule tende, wa tatu kaja na halua. Mgonjwa anakula kwa mkono, kama kawaida yetu, anajifuta kwa kanga, halafu nesi anapita na mashine. Kinachopimwa pale ni damu ya mgonjwa pamoja na embe ya mgeni. Pamba ya spiriti haitoshi. Mgonjwa anaweshwe kwa maji na sabuni, akaushwe vizuri, ndipo achomwe. Kukausha ni muhimu, kwani kidole kilichorowa hulizimua tone na namba ikashuka.

Ikiwa maji hayapatikani, tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu na lipimwe la pili. Na kidole kisikamuliwe kwa nguvu kama ndimu. Ukikamua sana, majimaji ya nyama huchanganyika na damu. Mkono uteremshwe chini kidogo, upashwe joto kwa kusuguliwa, na achomwe pembeni ya ncha ya kidole, ambako hata maumivu ni machache.

Jina lako ulitaje wewe

Visiwa vyetu vina kina Fatma na kina Asha hesabu haina mwisho, na majina ya baba zao ni yale yale. Muuguzi akiuliza, "Wewe ndiye Fatma?" watu watatu wanaweza kuitikia, na mgonjwa mwenye homa au mzee asiyesikia vizuri ataitikia jina lolote. Utaratibu mzuri ni mgonjwa aulizwe, "Jina lako nani, na umezaliwa lini?" naye alitaje mwenyewe, lake na la baba na la babu, kisha lilinganishwe na karatasi.

Kichupa nacho kiandikwe hapo hapo kitandani, mbele ya mgonjwa, mara tu damu inapotoka. Dukani kwetu tuna sheria: kitambaa hakiondoki mezani bila ya kipande cha jina kilichopachikwa kwa pini. Mteja akiondoka kwanza na jina likaja baadaye, siku moja utamkabidhi bibi harusi gauni la mama mkwe. Gauni hufumuliwa. Sindano ya insulini ikishaingia mwilini, haitoki.

Mkono wenye dripu

Hili lilimfika mama yetu. Hospitali hatuitaji, kwani hatuandiki ili kumchafulia mtu jina.

Mama alilazwa kwa homa na kutapika. Alikuwa amemeza dawa zake za sukari bila ya kula, sukari ikamshuka, akawekewa dripu ya maji ya sukari mkono wa kushoto. Alifumbua macho, akaanza kututambua. Asubuhi ilipofika akatolewa damu ya vipimo, na majibu yakarudi: 31. Pale pale ikazungumzwa insulini.

Shangazi yetu, mwanamke asiyepandisha sauti, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alimwambia nesi, "Mwanangu, samahani. Damu hii imetoka mkono upi?"

"Huu huu wa kushoto, bibi."

"Na dripu si iko huu huu?"

Yule binti akautazama mkono, akatazama mpira wa dripu. "Kweli bibi. Ngoja tumtoe mkono wa pili."

Mkono wa pili ulisoma 8.6.

Mteja wetu mmoja wa maabara ndiye aliyetufafanulia baadaye. Dripu ile inayoitwa dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari katika lita moja. Damu ya mtu mzima wa afya ina kama gramu moja hivi kwa lita. Maana yake dripu ni nzito kwa sukari zaidi ya mara 50 kuliko damu. Yakiingia maji kidogo tu kwenye kichupa, namba inaruka. Angechomwa insulini ya mtu mwenye 31 ilhali ana 8.6, naye ndiyo kwanza anatoka kwenye kuzimia, tungeweza kumpoteza siku ile kwa sukari kushuka. Hatupendi kulifikiria sana.

Sheria yake ni nyepesi: damu itolewe mkono usiokuwa na dripu. Ikiwa mikono yote miwili ina dripu, isimamishwe kwanza kwa dakika chache, na damu itolewe chini ya pale dripu ilipoingilia, si juu yake. Na wewe uliyekaa kitandani na mgonjwa ndiye unayekumbuka vizuri zaidi mkono upi una nini. Namba yoyote isiyolingana na hali ya mgonjwa ni haki kuuliza irudiwe.

Kichupa kinachosubiri

Tukija kwenye damu ya mshipa inayopelekwa maabara, adui mkubwa ni kusubiri. Damu ndani ya kichupa bado iko hai. Chembechembe zake zinaendelea kula sukari kama zilivyokuwa mwilini, ila sasa hakuna anayeziongezea. Katika joto la kawaida la chumba, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto likizidi hupungua haraka zaidi. Mafundi tunaelewa: kitambaa cha pamba ukikikata kabla hujakiroweka, kitarudi baada ya nguo kushonwa. Damu nayo hurudi, tena bila ya kuoneshwa maji.

Kwa ajili hiyo kuna kichupa chenye kifuniko cha kijivu. Ndani kimewekwa floraidi, dawa inayozizuia chembechembe zisile sukari. Damu ikiingia kigeuzwe taratibu mara kadhaa ili dawa ichanganyike. Ikiwa vinajazwa vichupa vingi, hiki kiwe cha mwisho, dawa yake isije ikaingia kwenye vyengine. Lakini tulishangaa kusikia kuwa hata hicho hakitoshi peke yake. Floraidi inachelewa kushika kazi, na katika saa moja au mbili za mwanzo sukari inaendelea kupungua. Ndiyo maana wataalamu wanahimiza kichupa kiwekwe kwenye maji yenye barafu na damu itenganishwe ndani ya nusu saa. Vipo pia vichupa vyenye asidi ya sitriki vinavyozuia mara moja, pale vinapopatikana.

Mdogo wetu alikuwa na ujauzito wa wiki 26 alipoandikiwa kipimo cha sukari. Alitolewa damu asubuhi katika kichupa cha kawaida kisichokuwa na dawa ya kuzuia, akaambiwa asubiri. Kichupa nacho kikasubiri, kwenye trei karibu na dirisha, hadi karibu saa tatu zikapita. Kilipofika maabara, dada wa zamu alisoma saa iliyoandikwa ubavuni, akatoka nacho mkononi.

"Mdogo wangu, hiki sikipimi."

"Dada, nimekaa na njaa tangu jana usiku, leo unaniambia nirudi kesho?"

"Nikikipima nitakupa namba, lakini haitakuwa namba yako."

Alirudi nyumbani amenuna, na sisi tukamsaidia kununa. Kesho yake akatolewa damu, kichupa kikatiwa kwenye maji ya barafu na kupelekwa moja kwa moja. Kikasoma 5.4. Kwa mtu mwengine 5.4 si kitu, lakini kwa mjamzito aliyefunga, Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa 5.1 tangu mwaka 2013. Ile damu ya saa tatu ingeweza kusoma 4.5 hivi, angepongezwa na kuachwa aende. Kisukari cha mimba kisipotambuliwa, mtoto anaweza kunenepa kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, na kichanga sukari yake ikashuka baada ya kuzaliwa. Mdogo wetu alipangiwa chakula, akafanya mazoezi ya kutembea, akafuatiliwa hadi mwisho. Alijifungua mtoto wa kilo 3.2, alhamdulillah, na mama na mwana walikuwa salama.

Kwa hiyo maabara ikikataa damu yako, usiione kuwa ni dharau. Na ukitolewa damu, uliza saa iandikwe kwenye kichupa. Bila ya saa ile, dada yule asingejua chochote.

Stripu na hewa yetu ya bahari

Hapa tutapita haraka. Stripu za mashine ya kidole haziwezi unyevu, na visiwani unyevu ndio hewa yetu. Zikae kwenye kopo lake, kifuniko kifungwe mara tu unapotoa moja, zisiwekwe dirishani wala kwenye friji. Tazama tarehe ya mwisho. Usinunue zilizofunguliwa na kuuzwa moja moja, kwani huijui safari yake.

Na mashine ya kidole ina mpaka wake hata ikiwa nzima. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinairuhusu ipishane na maabara kwa asilimia 15 juu au chini. Yenye ukweli wa 10.0 inaweza kusoma 8.5 au 11.5 na ikawa haina ubovu. Damu ikiwa pungufu mwilini, nyingi ya mashine hizi husoma juu zaidi ya ukweli, basi mwambieni daktari. Ndiyo maana kumthibitishia mtu kwa mara ya kwanza kuwa ana kisukari hufanywa kwa damu ya mshipa maabara. Mashine ya kidole ni ya kufuatilia.

Halafu hakikisheni ni kipimo cha aina gani. Mashine nyingine husoma kwa miligramu, na 126 ya huko ndiyo 7.0 ya hapa. Unagawa kwa 18. Tumewahi kumuona jirani akilia kwa 110, kumbe ni 6.1.

Ramadhani na mikono ya jikoni

Mwezi mtukufu una mambo yake. Kwanza, kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu. Mwongozo wa kisukari na Ramadhani wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na wenzao wa DAR umelieleza hilo wazi, na unamtaka mgonjwa apime mchana. Mwenye wasiwasi amuulize shekhe wake, lakini asiache kupima kwa kudhani tu. Mwongozo huo unasema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda juu ya 16.6, mgonjwa afungue.

Sasa fikirieni jikoni kwetu saa kumi na moja jioni. Mikono imesonga unga wa kaimati, imekoroga shira, imemenya ndizi mbivu na kukata embe. Mama anahisi kizunguzungu, anachukua mashine, anajichoma bila ya kunawa. Ikisoma 17, atafungua bila ya sababu, na saumu ile atailipa. Au kwa hatari zaidi, sukari yake ya kweli ni 3.5 na shira ya kidoleni imeisomesha 9. Ataendelea kufunga akijiona mzima, hadi aanguke mbele ya jiko. Kunawa kwa sabuni kunachukua dakika moja. Udhu tunautia kwa uangalifu mara tano kwa siku, basi na kidole cha kupimwa tukiwekee uangalifu wake.

Pili, miadi ya hospitali. Aliyekula daku saa kumi alfajiri akapimwa saa mbili asubuhi ana saa nne tu tangu alipokula. Yeye amefunga saumu, lakini kwa maabara hajafunga. Ataandikiwa sukari ya kufunga imepanda, aongezewe dawa, halafu mchana imshukie. Mwambie daktari saa ya daku yako, akupangie wakati mwengine au akupime kile cha miezi mitatu, HbA1c, ambacho hakihitaji mtu awe na njaa. Ila hicho nacho, mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni aseme, kwani kinaweza kudanganya.

Namna ya kuuliza

Tunajua mtakavyosema: "Nani atathubutu kumuuliza nesi?" Tunalielewa. Nesi mmoja ana wodi nzima, amesimama tangu alfajiri, hataki wa kumfundisha kazi. Lakini kuuliza kuna adabu yake, na shangazi alituonesha. Hakusema "umekosea". Aliuliza mkono upi. Hata nasi dukani mteja akisema "fundi, hebu nipime tena kiuno" hatuchukii, maana akiondoka na gauni baya, hasara ni ya wote wawili.

Sisi tumeshonea mama kijidaftari chenye jalada la kitambaa, kinakaa ndani ya mkoba wake. Kila akipimwa tunaandika: saa aliyokula mwisho, dawa alizomeza, amepimwa kidole au mshipa, mkono upi, saa ya kutolewa damu, na namba pamoja na aina ya kipimo. Mistari sita tu. Daktari wake siku hizi hukiomba kabla ya kusoma faili, na mara mbili sasa ameagiza kipimo kirudiwe badala ya kubadilisha dawa.

Damu ya mtu ni amana, kwa anayeitoa, anayeibeba na anayeipima. Wiki hii, mwenye mgonjwa nyumbani aanze na lile la maji na sabuni, halafu atafute daftari. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote na awape nguvu wanaowahudumia. Amin.